Sukari ya HbA1c na sukari ya ukaguzi wa protini si kitu kimoja

"Shikamoo daktari. Nafundisha biolojia sekondari huku Tanga. Mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari aina ya pili. Kipimo chake cha mwisho cha HbA1c kilisoma asilimia 9.1, na nesi alitueleza kwamba sukari imeng'ang'ania protini za damu yake. Wakati huohuo nimesoma kwamba seli zenyewe hufunga sukari kwenye protini mpya ili kuzikagua kama zimejikunja sawasawa. Sasa kuna mama wa mtaani kwetu anamuuzia unga wa 'sukari nane muhimu', kwa bei ya kuumiza. Anasema kisukari kinatokana na seli kukosa sukari hizo, ndiyo maana zinashindwa kukagua protini, na kwamba ukitumia unga huo dawa za hospitali unaweza kuzipunguza. Mama ameshaanza kuruka metformini ya jioni. Pia mdogo wangu, tumbo moja na mimi, ana siko seli, naye anashawishiwa aanze kuutumia. Je, sukari kwenye protini ni jambo jema au baya? Na huo unga una ukweli wowote ndani yake?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na lisiloweza kusubiri: mama airudie metformini yake ya jioni, kama alivyoandikiwa. Ikiwa anairuka kwa sababu inamvuruga tumbo, hilo lina dawa yake. Kuinywa pamoja na chakula husaidia wengi, na kuna aina inayoyeyuka polepole ambayo daktari wake anaweza kumbadilishia. Lakini asiiache kwa sababu ya maneno ya kopo.

Ninavyokuelewa, kinachokusumbua ni kwamba umesikia mambo mawili yanayoonekana kupingana. Nesi amesema sukari kwenye protini ni madhara, na kitabu kimesema sukari kwenye protini ni kazi njema ya seli. Wote wawili wamesema kweli. Aliyekosea ni muuzaji, maana amechukua kweli hizo mbili akazichanganya, na mchanganyiko wake unasikika kama sayansi kwa mtu ambaye hajaonyeshwa tofauti. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo sitakufupishia.

Tuanze na ile ya nesi. Molekuli ya glukosi muda mwingi huwa imejifunga kuwa pete, lakini mara chache pete hufunguka na kuacha wazi ncha yenye aldehaidi. Ncha hiyo ikikutana na kundi la amino la protini yoyote iliyo karibu, hushikana nalo. Hakuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kemia ya seli, kinachoelekeza na hakuna mahali palipochaguliwa kwa makusudi. Ni kemia tu, na kasi yake inafuata wingi wa glukosi iliyopo. Kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, mahali panaposhikwa zaidi ni mwanzo wa mnyororo wa beta, kwenye asidi amino ya valini. Muungano ule wa kwanza unaweza kuachia, lakini ukishajipanga upya hauachii kirahisi, na chembe nyekundu ya damu huzunguka nao mpaka ife, baada ya siku 120 hivi. Mtafiti wa Iran, Samuel Rahbar, ndiye aliyeiona himoglobini hii ikiwa nyingi kwa wagonjwa wa kisukari mwishoni mwa miaka ya 1960, na kutokana na ugunduzi huo tukapata kipimo cha HbA1c, kinachosimulia sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Asilimia 9.1 ya mama inalingana na wastani wa glukosi wa takriban milimoli 12 kwa lita, mchana na usiku. Ni juu sana. Kemia hiyohiyo, ikiendelea kwa miaka kwenye kolajeni, protini inayoshikilia tishu, ya mishipa, macho na figo, inachangia madhara tunayoyaogopa.

Sasa ile ya kitabu, ambayo ni habari tofauti kabisa.

Karibu theluthi moja ya protini za seli hazibaki kwenye majimaji ya ndani. Huingizwa kwenye vyumba vya utando tunavyoviita endoplazimiki retikulamu, ili baadaye zitolewe nje au zipachikwe kwenye ngozi ya seli. Chukua kipokezi cha insulini, protini inayokaa juu ya seli ya msuli au ini ikisubiri insulini ifike. Kipokezi hiki kikiwa bado kinatoka kwenye ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, na kupenya ndani ya chumba, kabla hata mnyororo wake haujaisha, kimeng'enya kimoja kikubwa hukisoma kikitafuta mpangilio maalumu: asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Kikiupata, kwa kawaida hufunga kwenye ile asparajini furushi zima la sukari 14 kwa mkupuo mmoja. Furushi hilo huwa limeshatayarishwa juu ya mafuta ya utando yaitwayo dolikoli, na hesabu yake haibadiliki: N-asetiliglukosamini 2, manosi 9, na glukosi 3 kwenye ncha ya tawi moja. Kipokezi cha insulini hufungiwa mafurushi ya namna hii zaidi ya kumi.

Wengi huishia hapo, wakadhani kwamba kufungwa sukari ndiyo muhuri wa ubora. Sivyo. Furushi hufungwa kwenye protini kabla haijajikunja, iwe itakuwa nzima au mbovu. Ukaguzi wenyewe uko kwenye namna sukari hizo zinavyoondolewa moja moja.

Kimeng'enya cha kwanza hukata glukosi ya nje kabisa. Cha pili hukata inayofuata. Ikibaki glukosi moja tu, protini mbili za ulezi, kalineksini iliyoshikwa kwenye utando na kalretikulini inayoelea ndani ya chumba, huitambua hiyo glukosi moja na kuikamata protini changa. Zikiwa zimeikamata, huizuia isigandane na majirani zake, na msaidizi wao aitwaye ERp57 husaidia kuunganisha salfa na salfa pale panapostahili. Kisha protini huachiwa, na kile kimeng'enya cha pili huirukia glukosi ya mwisho na kuikata. Protini imebaki haina glukosi hata moja, na walezi hawaioni tena.

Ndipo anapoingia mkaguzi. Jina lake kwenye vitabu ni UGGT. Umewahi kuona malori kwenye mizani ya Vigwaza: lori ambalo ekseli moja imeelemewa huambiwa lipange mzigo upya na kurudi kupimwa, na mzani haumuulizi dereva amebeba saruji au mahindi. UGGT inafanya kazi ya namna hiyo. Hupapasa protini iliyoachiwa, na ikikuta sehemu zinazoogopa maji zimejitokeza nje wakati zilitakiwa zijifiche ndani, hurudisha glukosi moja palepale ilipotolewa. Kwa glukosi hiyo moja protini hukamatwa tena na walezi na kupata nafasi nyingine ya kujikunja. Iliyokaa sawasawa hairudishiwi kitu, na huendelea na safari. Mwaka 1994 kundi la Ari Helenius, likiegemea kazi ya Armando Parodi wa Argentina juu ya kimeng'enya hiki, liliueleza mzunguko huu kwa mara ya kwanza kama mfumo mmoja. Mpaka leo naona ni kati ya mambo mazuri kupita yote tunayoyajua kuhusu seli: glukosi moja, inawekwa na kuondolewa, na kwa hiyo tu seli inajua nani bado hajawa tayari.

Je, protini isiyotengemaa huzunguka milele? Hapana, na kinachohesabu muda ni zile manosi. Vimeng'enya vingine, vya polepole zaidi, hukata manosi moja baada ya nyingine. Protini iliyojikunja haraka huondoka kabla hazijakatwa nyingi. Iliyokwama hupunguzwa manosi mpaka sukari zake zinakuwa na sura inayotambuliwa na kikosi cha utupaji. Hapo husukumwa kurudi nje ya chumba, hufungwa alama ya yubikwitini, na proteasomu huikatakata ili asidi amino zake zitumike tena.

Wanafunzi wako wakiuliza ushahidi uko wapi, warudishe kwenye kipokezi cha insulini. Kwenye maabara, seli zikizuiwa zisikate zile glukosi za mwanzo, kalineksini na kalretikulini hazipati pa kushika. Vipokezi basi huharakisha kuungana wawili wawili kabla ya kukomaa, na vingi hujikunja vibaya. Walezi hawakuwa wanavichelewesha bure.

Mfumo huu una mipaka, na mmoja wake unahusu nyumba yenu moja kwa moja. Wa kwanza ni kwamba unakagua umbo tu, haukagui kazi. Kuna ugonjwa wa kurithi wa mapafu na kongosho unaoitwa saistiki fibrosisi, unaopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambapo protini iitwayo CFTR hukosa asidi amino moja tu, ya 508. Ingefika kwenye ngozi ya seli ingeweza kufanya angalau sehemu ya kazi yake, lakini ukaguzi huikataa na nyingi huvunjwa ndani. Tangu 2019 kuna mchanganyiko wa dawa tatu ulioidhinishwa Marekani, ambao sehemu yake inaisaidia protini hiyo ijikunje vizuri kiasi cha kupita. Kwa hiyo ukali wa ukaguzi nao unaweza kuwa ugonjwa.

Mpaka wa pili ni mdogo wako. Himoglobini haipiti kabisa kwenye vile vyumba. Hutengenezwa kwenye majimaji ya seli changa ya damu, ambako hakuna furushi la sukari 14, hakuna kalineksini, hakuna UGGT. Kuna walezi wengine wasiotumia sukari. Hata kama ingepita huko isingesaidia kitu, kwa sababu himoglobini ya siko seli hujikunja vizuri tu. Kasoro yake hujitokeza baadaye, ikishaachia oksijeni, ndipo molekuli hushikana zenyewe kwa zenyewe kuwa nyuzi na kuipinda chembe. Mkaguzi wa umbo asingeiona. Kwa hiyo anayemwambia mdogo wako kwamba unga wa sukari utasaidia seli zake kukagua himoglobini anamuuzia msaada katika njia ambayo himoglobini haipiti. Kinachomsaidia ni kliniki yake, asidi ya foliki, na dawa ya haidroksiurea kama daktari ameona inamfaa. Kama hajawahi kuzungumziwa haidroksiurea, aulize.

Na kisukari cha mama je? Insulini yenyewe haina furushi la sukari. Inategemea vifungo vitatu vya salfa na walezi wengine. Kipokezi chake ndicho chenye mafurushi. Wapo watoto wachache mno duniani wanaozaliwa na kipokezi kibovu, na baadhi ya vipokezi hivyo hukwama kwenye ukaguzi, lakini wenye kasoro kali huonekana wakiwa bado wadogo. Mtu aliyepata kisukari aina ya pili ukubwani kwa kawaida hana tatizo hilo. Kwa mama, shida kubwa ni seli kutoitikia insulini vizuri hata kama kipokezi kipo, pamoja na kongosho lililochoka. Kuna uhusiano mmoja wa kweli ambao muuzaji hakuutaja: seli za kongosho zinapolazimishwa kutengeneza insulini nyingi kupita kiasi kila siku, vyumba vyao vya kukunjia protini huelemewa, na baadhi ya seli hizo hatimaye hufa. Sasa angalia linatufikisha wapi. Kinachopunguza mzigo huo ni kushusha sukari ya damu, na hiyo ndiyo kazi ya metformini, chakula kilichopangwa na mazoezi.

Tuje kwenye unga wenyewe. Orodha ya sukari nane ni ya kweli: glukosi, galaktosi, manosi, fukosi, zailosi, N-asetiliglukosamini, N-asetiligalaktosamini na asidi ya sialiki. Hizo ndizo zinazokutwa kwa kawaida kwenye protini za binadamu zenye sukari. Neno "muhimu" ndilo lililoongezwa na wauzaji ili uelewe kwamba ni lazima uzile, kama vile vitamini. Si lazima. Mwili wenye afya huzitengeneza zote kutokana na glukosi ya kawaida, hata ile ya ugali au ndizi. Mama hana upungufu wa malighafi. Tena vimeng'enya vya ukaguzi havitumii glukosi inayoelea kwenye damu moja kwa moja. Vinahitaji glukosi iliyokwisha kuungwa ndani ya seli na kibebeo chake, yuridini daifosfati. Ugunduzi wa sukari za namna hiyo ndio uliompa Luis Leloir wa Buenos Aires Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1970. Kuongeza sukari mdomoni hakuongezi ukali wa mkaguzi. Na sehemu kubwa ya unga wa aina hii huwa ni nyuzinyuzi za mimea, ambazo utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja kuwa sukari moja moja. Bakteria wa utumbo mpana ndio huzila.

Ipo hali moja ambapo sukari ya kunywa ni dawa kweli, na sitaki ukutane nayo mtandaoni udhani nimekuficha. Mwaka 1980 daktari wa Ubelgiji, Jaak Jaeken, alieleza habari za mapacha wa kike waliokuwa na ugonjwa ambao baadaye ulijulikana kuwa ni kasoro ya kurithi katika kufunga sukari kwenye protini. Leo zinajulikana kasoro za jamii hiyo zaidi ya 130. Katika aina moja, ambapo kimeng'enya cha kubadilisha fruktosi kuwa manosi kimeharibika, manosi ya kunywa husaidia sana. Katika aina inayoonekana zaidi, inayoathiri kimeng'enya cha hatua inayofuata, manosi ya kunywa haijawa tiba. Hao kwa kawaida ni watoto: wanalegea misuli, wanachelewa kukaa na kutembea, wana makengeza, degedege, ini lenye shida, damu isiyoganda vizuri. Utambuzi huanza na kipimo cha protini ya transferini, na matibabu husimamiwa na bingwa. Mama mwenye miaka 61 na kisukari hayumo katika kundi hili.

Je, unga utamdhuru? Peke yake, kwa watu wengi, pengine utaleta gesi na tumbo kujaa. Lakini nina wasiwasi na mambo mawili. Baadhi ya bidhaa huchanganywa na sukari au wanga wa kawaida ili zipate ladha, kwa hiyo soma karatasi ya kopo. Na katika nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa bidhaa za "asili" za kisukari zilizotiwa kimyakimya dawa za hospitali kama glibenklamidi, ambayo inaweza kushusha sukari ya mtu mzima hadi akapoteza fahamu. Sisemi hili la mtaani kwenu ni la namna hiyo. Nasema kopo lisilo na orodha kamili ya vilivyomo lisitumike. Fedha ile ingenunua vijiti vya kupimia sukari nyumbani vya kutosha.

Kuna jambo hukuuliza, ila umenipa habari inayonilazimu kulisema. Ikiwa mdogo wako wa tumbo moja ana siko seli, basi mama yenu naye karibu hakika amebeba kinasaba hicho, hata kama hajawahi kuumwa. Waliobeba kinasaba kimoja chembe zao huishi muda wa kawaida, lakini baadhi ya mashine za HbA1c huchanganywa na himoglobini hiyo na kutoa namba isiyo sahihi. Ulizeni maabara kama njia yao inakubaliana na wenye himoglobini S, yaani ile ya siko seli. Mpimeni pia sukari ya kidole kabla ya kula na saa mbili baada ya kula kwa siku kadhaa, muone kama picha inaendana na 9.1. Isipoendana, daktari anaweza kuagiza fruktosamini, kipimo kinachoangalia protini za majimaji ya damu badala ya himoglobini. Na mdogo wako akija kuhitaji kupimwa kisukari, HbA1c isitumike kwake kabisa: chembe zake huishi siku chache, haziwahi kukusanya sukari, na namba itasoma chini kwa uongo. Mtu aliyeongezewa damu karibuni, au aliyetoka kwenye malaria iliyovunja chembe nyingi, naye ana tatizo hilohilo.

Wiki hii mpeleke mama kliniki ya kisukari na kopo lake mkononi, pamoja na dawa zake zote, na mseme wazi ni dozi ngapi ameruka. Hakuna daktari anayefaa atakayemgombeza kwa ukweli huo. Kwa 9.1, inawezekana hata metformini kamili haitoshi na akaongezewa dawa nyingine au insulini, na si kwamba ameshindwa. Waombe wamkague macho, mkojo kwa ajili ya figo, na nyayo. Msisubiri miadi, nendeni siku hiyohiyo, akianza kutapika huku ana kiu kali na kukojoa mno, akipumua kwa kasi, akichanganyikiwa, akitoka jasho na kutetemeka sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au akipata kidonda cha mguu hata kama hakiumi. Kwa mdogo wako, homa kuanzia nyuzi 38.5, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni wa kukimbiza hospitali, usiku au mchana.